Roboti, Matofali na Gunia la Maharagwe
Mhadhara kwa vijana na wafanyabiashara wa Mweso



Mhadhara huu umetokana na ziara ya vijana wawili waliokuja kwangu jioni moja, telefone mkononi. Walinionyesha vipande vya rangi vilivyopangwa juu ya kioo, kimoja juu ya kingine, mfano wa matofali. Mmoja akaniambia: "Mwalimu, hii haitaki mtu ajue kuandika programu. Unapanga tu matofali, roboti inafanya tredingi usiku kucha, asubuhi unahesabu." Nikawaomba wanipe wiki mbili. Nawajibu leo mbele ya watu, maana najua si wao wawili tu wenye swali hilo. Tangu benki za Goma zifunge milango mwezi wa kwanza wa mwaka 2025, makuta mengi ya huku kwetu hupita kwenye telefone na kwa watu wa kabine za kutuma fedha. Telefone imekuwa sanduku la fedha, na roboti hizo zinaishi ndani ya sanduku hilohilo.

Nitazungumzia mambo matano: kifaa chenyewe, soko kinakotumwa, hesabu ya kuongeza dau, watu wanaouza roboti, na mwisho kazi ambayo matofali hayo yanaweza kutufanyia hapa Mweso.

1. Kifaa chenyewe

Neno algoriti limetokana na jina la al-Khwarizmi, mtaalamu wa hesabu aliyeishi Baghdad katika karne ya 9. Maana yake ni orodha ya hatua zilizo wazi kiasi kwamba anayezifuata hahitaji kuuliza tena. Mama anayenunua maharagwe katika soko letu anayo algoriti, hata kama hajawahi kulisikia neno hilo. Akilini mwake imekaa hivi: kama gunia limeshuka chini ya bei fulani, na kama barabara ya Sake inapitika, nunua, kama mvua imekata njia, ngoja, kama umekwishashika magunia kumi, usiongeze. Hizo ni sheria tatu, na kila moja aliilipia kwa hasara ya mwaka fulani.

Zamani, kuipa kompyuta sheria kama hizo kulihitaji lugha yake. Mwaka 2005 kampuni ya MetaQuotes ilitoa MetaTrader 4, programu iliyomwezesha mtu wa kawaida kuwa na roboti yake ya foreksi, yaani biashara ya fedha za kigeni, ila ilimbidi ajue lugha ya MQL au amlipe anayeijua. Wakati huohuo walimu wa watoto walikuwa wanatafuta njia nyepesi. Mwaka 2007 chuo cha MIT cha Marekani kikatoa Scratch, ambamo mtoto anaunda mchezo kwa kupachika vipande vya rangi. Mwaka 2012 Google wakatoa Blockly, karakana ya vipande hivyo ambayo kila mtengenezaji wa programu angeweza kuitumia kwa kazi yake. Wenye majukwaa ya tredingi wakaichukua.

Mfano ambao vijana wengi wa Afrika ya Mashariki wanaujua ni Deriv Bot. Ndani yake mna matofali makuu manne. La kwanza linasema: soko gani, na dau kiasi gani. La pili linabeba sharti la kununua. La tatu linabeba sharti la kuuza kabla ya muda kwisha. La nne linasema nini kifuate dili likiisha: kurudia, kuongeza dau, au kusimama. Katikati ya hayo manne unapachika "kama", "basi", "la sivyo", na vipimo vya bei kama vile wastani wa mishumaa (alama za mchoro wa bei) ishirini iliyopita.

Nakiri kuwa kifaa hiki ni kizuri. Kijana aliyemaliza shule ya sekondari bila kugusa kompyuta anaweza, kwa siku tatu, kuelewa sharti ni nini, mzunguko ni nini, na kwa nini mpangilio wa hatua una maana. Hilo ni somo la kweli, na nimewahi kulifundisha kwa chaki kwa mwezi mzima bila kufika huko. Ila matofali yamekuondolea kazi ya kuandika tu. Kazi ya kujua bado ni yako. Fundi hawezi kusema nyumba itasimama kwa sababu matofali yake ni mazuri. Atauliza kwanza: udongo wa hapa ukoje?

2. Soko linalotumwa roboti

Basi tuulize udongo. Wengi wa vijana wetu hawatumi roboti zao kwenye dhahabu wala kwenye faranga na dola. Wanazituma kwenye kitu kinachoitwa Volatility 75 na ndugu zake. Mchoro wake unapanda na kushuka kama wa soko lolote. Hufanya kazi usiku na mchana, Jumapili na Krismasi, wakati London na New York zimefungwa. Kwa nini hakifungwi? Kwa sababu hakuna anayeuza na hakuna anayenunua kitu. Kampuni ya Deriv yenyewe inaeleza wazi kwamba bei hizo zinatengenezwa na mashine ya namba za bahati nasibu, na kwamba mashine hiyo hukaguliwa ili isiwe na hila. Siwatuhumu kwa kuficha, maana hawakuficha. Hata historia yao haijafichwa: biashara hiyo ilianza mwaka 1999, ikajulikana kwa jina la BetOnMarkets, kisha Binary.com, na tangu 2020 Deriv. Anayejua Kiingereza atasoma neno "kuweka dau" katika jina lile la kwanza.

Sasa fikirini. Kama kila namba inatoka kwa bahati nasibu safi, namba zilizopita hazisemi chochote juu ya namba ijayo. Wastani wa mishumaa ishirini hausemi kitu. Mstari uliouchora kwa kidole hausemi kitu. Roboti yako inasoma kwa makini kabisa ukurasa usio na maandishi. Na kadiri mashine ile inavyokuwa ya haki, ndivyo roboti yako inavyokosa cha kujua.

Mtu atasema: basi nitaipeleka kwenye soko la kweli. Vizuri. Tuangalie soko la kweli ambalo mzizi wake uko kwa jirani zetu. Mgodi wa bati wa Bisie, huko Walikale, mwaka 2024 ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati, karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Tarehe 13 mwezi wa tatu 2025, vita vilipokaribia, kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi. Bei ya bati kwenye soko la metali la London ikaruka na kupita dola 35,000 kwa tani. Tarehe 9 mwezi wa nne kampuni ilipotangaza kwamba inarudi kazini hatua kwa hatua, hofu hiyo ikapungua.

Hapa Mweso habari ya barabara ya Walikale tunaipata kwa miguu ya watu, kabla haijawa habari ya gazeti lolote. Je, kuna kijana wetu aliyepata hata dola moja katika kupanda kule kwa bei? Simjui. Roboti za London ziko kwenye kompyuta zilizowekwa karibu na soko lenyewe, zinasoma matangazo ya kampuni kabla jicho la mtu halijafika mwisho wa mstari, na nyuma yake kuna wataalamu na mitaji ya mamilioni. Ya kwetu iko kwenye telefone inayochajiwa kwa pano la jua, inategemea mega za siku moja, na rezo inakatika mvua ikianza. Tena hata hao wakubwa huanguka. Tarehe 1 mwezi wa nane 2012, programu yenye kasoro ya kampuni ya Knight Capital ya Marekani iliagiza hisa ovyo kwa muda wa dakika 45, na hasara ikafika takriban dola milioni 440. Walikuwa na wahandisi ndani ya nyumba, umeme usiokatika, na hati ya kufanya kazi hiyo. Roboti haikuchoka wala haikuogopa, na ndiyo maana haikusimama.

3. Hesabu ya kuongeza dau

Sasa nichukue chaki. Roboti nyingi zinazozunguka kwenye WhatsApp na Telegram zina tofali moja linalofanana: ukikosa, ongeza dau mara mbili. Wafaransa wa karne ya 18 waliliita martingale. Hoja yake ni tamu: siku moja lazima nipate, na nikipata nitarudisha yote niliyopoteza pamoja na dola moja juu.

Tuanze na dola 1. Umekosa, unaweka 2. Umekosa, 4. Umekosa, 8. Umekosa, 16. Umekosa tena. Mara tano tu, na dola 31 zimekwenda. Kama ulianza na dola 50, zimebaki 19, na roboti inataka dau la sita la dola 32. Ndipo kijana anapotuma ujumbe kwa shangazi yake aliye Goma.

Je, kukosa mara tano mfululizo ni ajabu? Ukirusha sarafu, kwa wastani utangoja mirusho 62 kabla ya kuona mgongo mara tano kwa mfuatano. Roboti inayofanya dili moja kila sekunde kumi inamaliza mirusho hiyo ndani ya dakika kama kumi. Utasema: kabla ya hapo nitakuwa nimekusanya faida ndogondogo za kunikinga. Sawa, nakupa ngazi mbili zaidi. Kukosa mara saba mfululizo kunangojewa kwa wastani mirusho 254, yaani dakika kama 42. Hapo umekwishapoteza dola 127, na dau la nane ni 128, ili upate faida ya dola moja.

Kuna lililo baya zaidi, ambalo wengi hawalioni. Ukishinda dola 1, jukwaa halikulipi dola 1 kamili. Tuseme linalipa senti 95. Rudi kwenye dau la sita: umepoteza 31, umeweka 32, umeshinda. Unalipwa dola 30 na senti 40. Umeshinda, na bado una upungufu wa senti 60. Zile senti tano zinazokosekana kwa kila dola ni kizuizi. Sisi tunavijua vizuizi. Mwaka 2017 watafiti wa taasisi ya IPIS walihesabu vizuizi vya barabarani 798 katika Kivu mbili, kila kimoja na mkono ulionyoshwa. Mwenye gunia anavuka vichache kwa safari moja. Roboti inavuka mamia kwa usiku mmoja, na inalipa kila mahali.

Mtaniuliza: mbona kwenye akaunti ya majaribio roboti ilifaulu? Akaunti hiyo inakuja na dola 10,000 za mchezo. Ukianza na dau la dola 1, kitita hicho kinavumilia kukosa mara kumi na tatu mfululizo, kwa sababu jumla yake ni 8,191. Mwenye dola 50 havumilii kukosa mara sita. Ulijifunza kuogelea kwenye maji ya magoti, kisha ukarukia ziwa Kivu.

4. Wanaouza roboti

Kuna kijana ninayemjua aliyepokea zamu yake ya likirimba, ule mchango wa kupokezana: dola 120. Alikuwa amepanga kununua mbegu za viazi. Akainunua roboti kwa dola 40 kwa mtu asiyemjua, aliyemtumia picha za faida za siku kumi mfululizo. Dola 80 zilizobaki ziliungua usiku wa pili. Yule muuzaji akamjibu kwamba kosa ni mtaji mdogo, aongeze.

Picha zile za siku kumi pengine zilikuwa za kweli. Wachukueni vijana 1,024, kila mmoja arushe sarafu mara kumi. Kwa kawaida mmoja wao atapata kichwa mara zote kumi. Si mchawi, wala hana mbinu. Lakini ni yeye atakayepiga picha, na wengine 1,023 watanyamaza. Vilevile ukiunda roboti mia na kuzijaribu zote kwa bei za mwaka jana, moja itang'aa kama dhahabu. Imeng'aa kwa mwaka jana, na mwaka huo haurudi.

Wazee waliopo hapa wanakumbuka mwaka 1991, Kinshasa ilipopagawa na Bindo Promotion. Watu waliuza vitu vya nyumbani wakapeleka fedha, wakaahidiwa kuvuna mara kadhaa ya walichopanda, na wa kwanza walilipwa kweli kwa fedha za waliofuata. Kisha ikaanguka. Siku zile hakukuwa na roboti. Palikuwa na ofisi na foleni. Miaka karibu thelathini baadaye, Afrika ya Kusini, kampuni ya Mirror Trading International iliwaambia watu kwamba roboti yake inafanya biashara na bitcoin zao. Mwisho wa mwaka 2020 ikaporomoka na mkuu wake, Johann Steynberg, akakimbilia Brazil. Wasimamizi wa Marekani walisema ilikuwa imepokea bitcoin zaidi ya 29,000, zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 1.7. Ahadi ni ileile ya Bindo. Roboti ilichukua tu nafasi ya foleni.

Na wale wanaofanya wenyewe, bila kutapeliwa na mtu? Wachunguzi watatu wa Brazil walifuata watu walioanza biashara ya siku kwa siku kati ya mwaka 2013 na 2015. Kati ya walioendelea zaidi ya siku 300, asilimia 97 walipata hasara. Waliopata zaidi ya mshahara wa kima cha chini wa nchi yao walikuwa asilimia 1.1. Huko Ulaya wasimamizi wa masoko walikuta kwamba kati ya asilimia 74 na 89 ya akaunti za watu wa kawaida katika biashara ya mikataba ya kubashiri tofauti ya bei hupoteza fedha, na mwaka 2018 wakawapiga marufuku madalali kuwauzia mikataba ya ndiyo-au-hapana, ambamo mtu anabashiri tu kama jambo litatokea au la. Kenya iliweka kanuni za foreksi ya mtandaoni mwaka 2017 na kuanza kutoa leseni mwaka uliofuata, ili mteja ajue mlango wa kubisha. Mtu wa Mweso akiibiwa na roboti, mlango ni upi? Nchi yetu haina hata soko la hisa.

5. Matofali kwa kazi yetu

Wengine wangemalizia hapa kwa kuwaambia mfute kila kitu kwenye telefone. Mimi siwaambii hivyo. Kijana aliyejifunza kusema "kama, basi, la sivyo" amepata mali. Nataka aipeleke mahali ambako kuna cha kujua.

Bei ya gunia la maharagwe si bahati nasibu. Inafuata mvua, mavuno, barabara, vizuizi, na mahitaji ya Goma. Ndani yake kuna habari, na habari hiyo iko hapa, si London. Hakuna kompyuta iliyokaa karibu na soko la Mweso kuwashinda mama zetu kwa mwendo. Hapa sisi ndio tuko karibu.

Basi pangeni matofali haya. Tofali la kwanza: bidhaa gani, na mtaji kiasi gani ambao ukipotea watoto bado watakula. La pili: nunua kama bei ya Goma, ukiondoa bei ya Mweso, usafiri, vizuizi na gunia moja la kuharibika njiani, bado inabakiza faida. La tatu: uza bila kungoja kama barabara imeanza kuwa na fununu. La nne, ambalo wauzaji wa roboti hulisahau: simama ukipoteza kiasi fulani, na usiongeze dau mara mbili. Hayo ni matofali manne yaleyale. Tofauti ni kwamba kila moja limekaa juu ya udongo.

Mnaweza kuyaweka kwenye jedwali la telefone, likafanya hesabu lenyewe ukiingiza bei ya siku. Halihitaji mega. Halihitaji dalali. Kikundi cha akiba cha MUSO kinaweza kuwa na jedwali moja kwa wanachama wote, na kijana anayejua matofali akawa karani wake, akalipwa kwa kazi hiyo.

Lakini jedwali bila tarakimu ni kioo kitupu, na tarakimu za soko letu sisi wenyewe hatuziandiki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa kwetu hata bei zimepotea bila habari: niambieni nani kati yetu anaweza kusema bei ya kopo la maharagwe ilikuwaje wiki kama hii mwaka jana.

Kwa hiyo vijana wangu wawili, na wengine wenye swali kama lao, jibu langu ni hili. Fedha ya mbegu, ya shule na ya likirimba isiingie kwenye roboti. Anayetaka kuchezea matofali, achezee kwa dola za mchezo, tena apunguze kitita kwanza kifanane na mfuko wake, aone kinavyokwisha. Na anayetaka tuunde pamoja kitu cha kweli, aje nyumbani na daftari lenye siku ishirini za soko: tarehe, bei ya gunia hapa, bei ya Goma, nauli, na kila kizuizi kilidai nini. Mlango wangu uko wazi jioni. Akija bila daftari, nitampa chai na kumrudisha sokoni.